Sura ya Nne ya Dokta Elinaza

Dokta Elinaza Sumari alikaa Beijing miaka saba akisoma siasa za China, akarudi Arusha kufundisha chuoni. Chuo kilipoalika wasomi wa Kichina kwenye mkutano, aliombwa kuwasilisha sura moja ya kitabu alichokuwa amekimaliza kuhusu China na marafiki zake wa Afrika. Alichagua ya nne, inayouliza ni viongozi wetu wangapi huisoma mikataba kwa Kichina kabla ya kutia saini.

Ijumaa, siku tatu kabla ya mkutano, mkuu wa idara, Profesa Ludovick, alimwita.

"Hiyo sura iache. Wageni watachukia, na vijana wetu wanasubiri nafasi za kusoma kule. Wewe utatafsiri tu."

"Kuna kosa ndani yake, Profesa?"

"Sijasema kuna kosa."

"Basi siiachi."

"Mimi nimekuonya, Elinaza."

Jumapili baada ya ibada alipanda kwa mama yake, juu ya kijiji cha Maji ya Chai, akamkuta shambani. Akamweleza yote. Mama hakuacha kuchuma kahawa.

"Hayo uliyasoma mwenyewe, kwa Kichina chao?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo Ludovick anakijua?"

"Hakijui."

Mama akamsogezea kikapu. "Chuma basi. Kesho utasema."

Jumatatu jina lake halikuwepo kwenye ratiba. Alitafsiri hotuba ya kukaribisha bila kuongeza neno. Profesa alipotaka kufunga kikao, Elinaza akasimama na kipaza sauti cha kutafsiria, akasoma sura yake kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili.

Kiongozi wa wageni, mzee mwenye miwani, aliandika kidogo kwenye daftari. Kisha akasema kwa Kichina, "Sikubaliani nawe katika mambo matatu. Nitumie sura yote, nikujibu kwa maandishi."

"Utaipata leo," Elinaza alijibu.

Wiki iliyofuata somo lake la siasa za China liliondolewa, eti halina wanafunzi wa kutosha. Akapangiwa kuwafundisha waongoza watalii salamu za Kichina. Aliwafundisha vizuri. Lakini Jumamosi asubuhi aliazima chumba cha kwaya cha kanisa moja la mtaa wa Sekei, akaandika ubaoni: Siasa za China.

Walikuja wanafunzi tisa. Silantoi, binti wa mwaka wa pili, aliuliza kama kutakuwa na cheti.

"Hakuna," alisema Elinaza. "Anayetaka kuondoka aondoke sasa."

Wawili waliondoka. Akaanza na saba.