Vijidudu vya Mdogo Wake

Kwa miaka kumi na minane dada mtu alikuwa ndiye mkuu wa tanuru pale kiwandani. Mawe ya shaba yakiingia, yeye ndiye aliyejua yanataka moto wa namna gani. Mdogo wake, yeye ndiye aliyemsomesha, kisha akamwombea kazi maabara.

Sasa mdogo mtu alikuwa na tangi lake uani. Ndani mlikuwa na maji ya asidi, unga wa mawe, na bakteria waliokula salfa na chuma vya mawe hayo mpaka shaba ikaachia, ikayeyukia majini. Moto hakuna, moshi hakuna. Na mawe aliyoyataka ni yale hafifu, ambayo dada mtu aliyatupa jaani miaka yote.

Wageni walipokuja, meneja aliwapitisha tanuruni mbiombio, akawasimamisha kwenye tangi nusu saa nzima.

"Huyu tunamwita Mama Vijidudu," alisema, akimwonyesha mdogo mtu, wote wakacheka.

Dada mtu alisimama nyuma yao, glavu mkononi, roho ikimuuma. Hakuulizwa hata swali moja, akaondoka kabla hawajamaliza.

Mchana, watu walipokwenda kula, alizunguka nyuma ya tangi akafunga valvu ya hewa. Alijua bila hewa wale hawaishi. Mdogo wake alikuwa amemweleza hayo jikoni kwao, huku akimenya vitunguu, uso umejaa furaha.

Jioni alimkuta mdogo wake amepiga magoti kando ya tangi, madaftari ya vipimo yametapakaa chini.

"Nimekosea wapi, dada? Joto ni lile lile, chakula wamepata. Wanakufa tu."

Dada mtu alitaka kusema pole.

"Hujakosea. Nimefunga hewa."

Mdogo mtu alimtazama kama anayesubiri amalizie mzaha. Kisha akainuka, akafungua valvu.

"Kwa nini?"

"Wanakusifu wewe tu."

"Kila mgeni namwambia mawe nilifundishwa na wewe. Hukai ukasikia. Unakuwa umeshaondoka na hasira zako."

Hakumshtaki kwa mtu. Alianza upya na bakteria wachache waliosalia, na valvu akaitia kufuli. Nyumbani waliendelea kupika pamoja, wakaongea habari za mvua na za majirani. Za tangi, hata neno.

Wiki ya nne maji yaligeuka buluu iliyokolea, ishara kwamba shaba imeyeyukia humo. Wafanyakazi wakaitwa kuja kuona. Dada mtu aliyaona kutoka dirisha la tanuruni, yakimiminwa kwenye chupa za kioo. Yalikuwa mazuri. Wivu ulimchoma vilevile, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.