Mstari wa Tisa Haukuliwa

Mstari wa tisa ulikuwa mzima mno, na hilo ndilo lililomkosesha raha binti wa maabara. Yeye mwenyewe, kwa brashi ndogo, alikuwa amepachika viwavi kumi wachanga katika moyo wa kila mche wa mahindi. Mistari mingine ilitobolewa majani kama chekecheke. Wa tisa, uliopatikana kwa misimu sita ya kuchavusha kwa mkono ili mbegu ijikinge na wadudu bila dawa, ulinawiri utadhani umepakwa mafuta.

Siku nne baadaye wakubwa wangekuja kuidhinisha mbegu igawiwe wakulima. Kama kuna mtu aliyeunyunyizia dawa kwa siri, wakulima wangepanda uongo na kuvuna mabua matupu.

Akayanusa majani. Msimamizi wa shamba, ambaye ufunguo wa stoo ya dawa haukumtoka kiunoni, akacheka.

"Wewe binti, hata mchumba utamnusa hivyo?"

"Nitamnusa zaidi, mzee."

Kicheko kile hakikumwingia. Kesho yake aliwahi kabla ya wote, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Aliyetokea hakuwa msimamizi. Alikuwa mama mpalizi, kopo mkononi, akifunua majani mche kwa mche na kudondoa viwavi.

Binti akatoka nyuma ya tangi. Alipomkabili, mama hakuficha kitu. Alisema tangu utoto hajapata kumwona mdudu kwenye mahindi akampita, na hakuna aliyemwambia kuwa hawa wamewekwa makusudi.

"Na mstari wa tisa?"

"Ule siugusi, mwanangu. Hauna cha kuokota."

Ilikuwa habari njema kupita kiasi. Mtu aliyekutwa na kopo atasema nini kingine? Binti akaliomba kopo, akapachika viwavi kumi kumi, hai na wenye njaa, kwenye miche mitatu ya mstari wa nane na mitatu ya wa tisa, akaifunika kwa chandarua na kuikaza kwa fundo alilolijua yeye tu. Mama aliguna kama anayeona chakula kikimwagwa.

Asubuhi ya ugeni walisimama watatu shambani, msimamizi shati limenyooka kwa pasi. Miche ya mstari wa nane ilibaki mishipa mitupu. Mche wa kwanza wa tisa, fundo lake vile vile na majani bila harufu ya dawa, ulikuwa na alama chache za meno, na viwavi kumi waliokauka.

Mama akamtupia binti jicho. Gari la wageni likasikika getini.

Binti akainama kufungua mche wa pili.