Soya ya Wifi

Wifi yangu hajawahi kunipa hata maji bila sababu. Kwa hiyo aliponiletea kopo la unga wa soya na chupa ya vidonge vya soya, tena akatabasamu, nikajua hapa kuna jambo.

"Ni vya sisi tuliokoma hedhi," akasema. "Vinapunguza joto. Wengine vinawasaidia, wengine la."

Nani alimwambia nina joto? Duka la dobi ni lake, mimi ndiye mpiga pasi wake, na joto likinipanda pale mezani natota jasho mpaka kope. Juzi juzi niliunguza kola ya shati la mteja. Wifi aliliangalia, akanyamaza, na kunyamaza kwake mimi nakujua. Anataka kuniondoa, nikasema moyoni, na ananitafutia ugonjwa wa kunitoa nao. Jamani, meza ile ndiyo inayonilisha tangu mume wangu, kaka yake, afariki!

Sikuonja ng'o. Vidonge nikavitupa chooni, unga nikawachanganyia kuku kwenye pumba. Wakanawiri. Nikazidi kushuku: mbona hawafi?

Kila asubuhi wifi akawa ananisimamia mlangoni. "Eti wifi, joto limepungua?"

"Limekwisha kabisa!" Nami blauzi imenigandama mgongoni. Ningesema nini, anitimue?

Ananitazama shingo, ananitazama paji la uso, huyo anaenda zake. Anachunguza nini mwanamke huyu?

Jana nikaingia stoo kuchukua hanga za kutundikia nguo, nikamkuta amekaa sakafuni katikati ya marundo ya mashuka, gauni limemlowa, analia. Pembeni yake kopo la soya kama lile langu, tupu.

"Nini tena, wifi?"

"Nilikupa wewe kwanza," akasema, hanitazami. "Niliviogopa, nikasema nione kwako. Uliposema limekwisha, nikaanza na mimi. Uji wa soya asubuhi, uji wa soya jioni. Wifi, halipungui! Basi joto langu siyo la kukoma hedhi. Ni ugonjwa, kama ule uliomuua mama. Nimeshamwambia binti yangu aje nimkabidhi duka."

Hasira zikanipanda. Kumbe nilikuwa wa kujaribiwa! Yaani kuku wake ndiye mimi! Nikafungua kinywa nimpashe, nikaona anavyojifuta jasho kwa shuka la mteja.

Nikinyamaza, anabaki na kifo chake kichwani. Nikisema, meza naiaga.

"Soya yako wamekula kuku," nikasema. "Mimi sijalamba hata kijiko. Naungua pale kwenye pasi kila siku, kama wewe tu."

Akanikodolea macho. Nikamgeuzia mgongo. Akanyoosha mkono, akaishika blauzi kwa vidole viwili, vile tunavyopima nguo iliyotoka kwenye kamba.

"Mbichi," akasema. Akacheka huku bado machozi yanamtoka. "Mwongo mkubwa wewe! Kesho twende wote kwa daktari."

"Na meza yangu?"

"Meza imefanya nini? Isogeze dirishani."