Siku Pijo Lilipopigishwa Magoti

Usiku wa jana niliota Pijo, pikapu ya marehemu mume wangu, linaingia jikoni kwangu na kunipigia goti.

Nilikuwa namenya viazi. Pijo halikubisha hodi. Lilijipenyeza mlangoni, likakwaruza ukuta kidogo kwa bodi yake ya kijani, likaja mpaka karibu na mafiga, likakunja magurudumu ya mbele na kusema, "Kamwene, mama."

Niliitikia, maana salamu haina kosa. Lakini sikupenda. Huku kwetu Njombe anayekunja goti ni mdogo kwa mkubwa, na pikapu ile ililala uwanjani petu kabla hata mwanangu wa mwisho hajawa na jina.

"Simama," nikaliambia.

"Siwezi, mama. Nafanya mazoezi. Kesho asubuhi nashushwa."

Hapo nikakumbuka, hata ndani ya usingizi. Osmund, kitinda mimba wangu, mtu wa miaka arobaini na moja mwenye mke na ndevu, ameamua gari la baba yake lipunguzwe springi ili bodi ikae karibu na ardhi, kama wanavyofanya rafiki zake wa Makambako. Gari limetoka kiwandani na kimo chake, yeye ameona kiwanda kizima kilisinzia. Fundi Mbwilo amekwisha kuitwa. Kilichobaki ni ufunguo, na ufunguo nalala nao, umefungwa kwenye pindo la kitenge changu. Jana jioni aliniomba, nikamwambia tutaona. Anajua nikisema tutaona, kukicha nampa. Nimemzoesha mwenyewe.

"Osmund anasema huko mjini magari mazuri yote yanatambaa," Pijo likaendelea.

"Nyoka naye anatambaa," nikasema. "Sijasikia anayemposa."

Likainamisha taa zake. Ni gari lililolelewa.

Kutoka chini ya bodi wakaja springi saba, wembamba na bapa, ndugu wa tumbo moja, wakajipanga kama wanavyolala siku zote, mrefu juu na mfupi chini. Watatu wa mwisho walikuwa na vifurushi kichwani.

"Tumekuja kuaga," akasema yule mfupi kuliko wote. "Sisi watatu tunaondolewa."

"Mnakwenda wapi?"

"Hatujui, mama. Maisha yetu yote ni kubeba viazi. Hatukufundishwa kazi nyingine."

Kaka yao mkubwa akakohoa kutu. "Tulikubeba na wewe, siku ya uchungu wa Osmund. Kijito cha Lihuni kilikuwa kimejaa. Tuliinama wote saba ili usitikisike, maji yakapita chini yetu, yakatulamba tumbo tu. Wanne tusingeweza."

Nilitaka kuwapa viazi vya njiani, lakini kufumba na kufumbua jiko limekuwa barabara. Kisu bado ninacho mkononi, na viazi vimekuwa mawe.

Ni barabara yetu ya kuteremkia kijito cha Lihuni, pale karavati lilipobomoka mwaka jana na hakuna aliyelirudisha. Kila gari hugeuza hapo mvua zikianza. Pijo peke yake ndilo huvuka, kwa sababu ni refu. Ng'ambo ndiko kwenye zahanati.

Osmund anakuja anaendesha. Pijo limekwisha kushushwa, linakwenda kwa tumbo kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda. Nyuma yake wanatembea rafiki zake watatu wa Makambako, suruali zao nazo zimeshushwa, kila mmoja ameishika ya kwake kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia wameshika kiberiti. Ndiyo sheria yao: kiberiti kikipita chini ya gari, gari hilo bado ni la shamba. Kila hatua tatu wanainama wanapima. Kiberiti hakipiti. Wanapeana mikono.

Gari likasimama. Mbele yake palikuwa na punje moja ya kinyesi cha mbuzi.

Osmund akapiga honi. Punje haikusogea.

"Ndugu dereva, zunguka," ikasema.

"Siwezi kuzunguka, kuna bonde," Osmund akajibu.

"Basi niruke."

"Siwezi kukuruka."

Punje ikamtazama, ikalitazama gari. "Mtu mzima wewe," ikasema, bila hasira.

Osmund akateremka, akavua kofia, akaiomba kwa adabu. Ikamwambia kwamba iko pale kihalali, imewekwa na mbuzi mwenyewe, na kwamba asubuhi hiyo hiyo ilirukwa na baiskeli, toroli na kuku.

Nikasikia mtu anaguna kule chini. Nikatazama. Ni Editruda, mke wa Osmund, amesimama ukingoni mwa Lihuni na beseni lake la nguo za mtoto. Mimba yake ya miezi minane, ambayo hata nje ya ndoto ipo, ilikuwa imefika tisa tangu viazi vilipogeuka mawe. Maji yalikuwa yanapanda.

"Osmund," akaita, "lini?"

"Nakuja, mke wangu. Nazungumza na mtu hapa."

Lihuni ikainua kichwa kulitazama Pijo. "Hilo ndilo la kunivuka?" ikauliza. Kisha ikalala tena, ikasema haina haja ya kupanda kwa haraka.

Nikawaambia wale wa Makambako, "Wanangu, mbebeni shemeji yenu." Wakasema wangependa sana, lakini mkono mmoja una suruali na mwingine una kiberiti.

Ndipo tuta la barabarani lilipoamka. Mnalijua, lile la mbele ya shule, linalogonga mabasi. Lilijivuta likakaa katikati ya njia, likavaa miwani.

"Nani amelipigisha magoti gari hili?" likauliza.

"Mimi," Osmund akasema. "Linapendeza."

"Lilizaliwa lini?"

"Kabla yangu."

"Na wewe umesimama?"

Osmund akatazama miguu yake. Rafiki zake wakaanza kutazama viberiti vyao.

"Mkubwa hawezi kupiga goti na mdogo amesimama wima," tuta likasema. "Hatuna desturi hiyo. Gari limeshushwa vidole vinne. Mwenyewe naye ashushwe vidole vinne, mpaka gari lisimame."

Fundi Mbwilo akatoka chini ya Pijo na kamba ya kupimia. Hakuuliza swali, mafundi wazuri ndivyo walivyo. Akamkalisha Osmund juu ya jeki, akafungua kila muundi kwa spana namba kumi na saba, akatoa kipande cha vidole vinne hapa na kingine pale, akafunga tena. Hakukuwa na damu, ila grisi kidogo. Vipande akavifunga kwenye gazeti kama nyama ya buchani, akanipa.

"Mama, tunza hivi. Atavihitaji."

Nikavifunga kwenye pindo la kitenge, pamoja na ufunguo.

Osmund akasimama. Suruali yake ikamfunika viatu. Akalitazama gari, akamtazama mkewe, ambaye maji yalikuwa yamemfika magotini na beseni ameliinua kichwani.

"Mama," akasema, "sasa tufanyeje?"

Nikafungua kinywa nimwambie. Jogoo akawika, nikaamka.

Kumekucha. Nikajipapasa pindoni: fundo lipo, ufunguo upo, na ufunguo peke yake. Nikajicheka, nikawasha moto, nikaanza kumenya viazi. Nje fundi Mbwilo amefika kwa baiskeli, jeki imefungwa nyuma. Nikafungua fundo. Niliona si haki kumnyima mtoto kwa ajili ya maneno ya tuta.

Osmund akaingia jikoni.

Sasa mjue, mlango wa jikoni kwangu aliujenga marehemu, na marehemu alikuwa mfupi. Tangu Osmund apate ndevu huingia humo ameinama. Siku akisahau hugonga kipaji cha uso, na kovu analo.

Leo aliingia wima. Hakuinama, hakugonga, hata kofia hakuvua. Juu yake palibaki nafasi. Nikaipima kwa macho, kisha nikainyooshea mkono nikiwa nimekaa: vidole vinne.

"Mama, ufunguo," akasema. "Fundi anasubiri."

Nikatazama miguu yake. Suruali ilikuwa imemfunika viatu.

Nikafunga fundo tena, nikalikaza kwa meno.

"Mwambie fundi anywe uji aende," nikasema. "Gari litasimama. Mke wako akiisha kuvuka na kurudi na mtoto, uje tena uniombe."

"Lakini ulisema tutaona."

"Nimeona."

Akaiweka kofia yake sawa. Kisha akatoka, wima vilevile, nikamsikia akizungumza na fundi kwa sauti ya chini, nikaisikia baiskeli ikiondoka. Nikamenya kiazi kimoja na nusu.

Osmund akarudi kuchukua uji wake.

Ko, kipaji kikagonga mlango.

"Kamwene," nikamwambia, nikamsogezea kigoda.