Nyigu Kwenye Kenchi ya Mama

"Paa hili," Sylus alisema, amesimama juu ya stuli akigonga kenchi, mbao zinazobeba paa, kwa mpini wa nyundo kama daktari anayepima kifua, "litawazika wajukuu wa wajukuu wa Mama. Chawia nzima hakuna fundi kama mimi. Kama yupo, ajitokeze tupimane."

Hakujitokeza mtu. Sebuleni walikuwa watatu tu: yeye, mama yao Teresia aliyekuwa akichambua mchicha, na dada yake Priscilla, aliyepanda asubuhi kutoka Voi kuja kuona nyumba aliyoinunulia mbao mwaka jana. Kazi ya Priscilla ni kuchunguza wadudu wa misitu, lakini leo Sylus hakuona mchunguzi wa wadudu, aliona karakana. Dada alikuwa ameahidi kwamba paa likisimama sawa, atamfungulia karakana Voi, kando ya barabara kuu. Kibao Sylus alishakichora, tena kwa rangi tatu. Kilichokosekana ni ukuta wa kukitundika.

Unga mwembamba ukadondoka mezani, karibu na kikombe cha Priscilla. Sylus akashuka, akaupangusa kwa kiwiko.

"Nyumba mpya, dada. Inajipaka poda."

Priscilla akainua macho. Dari ilikuwa bado kupigwa, na juu ya kenchi alitembea nyigu mwembamba, mkia kama sindano, vipapasio vikigusagusa mbao. Sylus akavua kandambili.

"Usimpige," Priscilla alisema. "Yuko kazini."

"Kazi gani? Huyo amekimbia baridi."

"Ananusa. Ndani ya mbao kuna buu la bungua, mdudu mtoboa mbao, linatafuna na kunya. Harufu ya kinyesi hicho na ya huu unga ndiyo inayomwita. Akifika juu yake anatoboa mbao, anataga yai, na mtoto wake analila buu polepole."

"Si basi anatusaidia? Mama, mpe chai!"

Mama hakucheka. Priscilla naye alikuwa ameshapanda stuli, anakwangua vanishi kwa ufunguo. Chini yake palikuwa na matundu yaliyozibwa kwa gundi na vumbi la msumeno. Akabonyeza kwa kidole gumba. Mbao ikabonyea kama mkate uliolowa.

"Sylus, mimi nilinunua saiprasi iliyotiwa dawa. Bungua haingii humo. Hii ni mgrevilea, mti wa bei rahisi, tena umekatwa ukiwa mbichi."

"Unaona sasa! Wamekuuzia takataka!" Sylus alipandisha sauti. "Wezi wale! Hata mimi zilipofika nilishtuka, nikasema ninyamaze, nisikuvunje moyo. Ningekuwa wewe ningewashtaki."

Priscilla akatoa simu. "Nampigia mwenye duka sasa hivi."

"Mpigie! Na mimi nina yangu ya kumwambia."

"Weka simu, Priscilla," Mama alisema, macho bado kwenye mchicha. "Usimtukane mtu wa watu. Mbao zako zilifika zikinuka dawa mpaka nikapiga chafya. Huyu akazipakia kwenye pikapu ya jirani yetu Ooko, na mimi ndiye niliyemshikia geti. Aliniambia zinapelekwa kupigwa randa."

"Mama, siku ile—"

"Zilizorudi hazikunuka kitu. Nikadhani ndivyo randa inavyofanya." Akaitazama kenchi, kisha akamtazama mwanawe. "Na kitanda changu, kule chumbani, ukakiweka chini ya kenchi hizo hizo, Sylus."