Swali Ambalo Manasseh Hakuuliza

Siku polisi walipofika kwake Manga, Bathsheba Nyakerario alikuwa shambani akichuma majani chai. Walikuwa wanne, wamevaa nguo za kiraia. Waliuliza nyumba ya Manasseh ni ipi, naye akanyoosha kidole kuelekea kinyumba cha mabati kilichokuwa nyuma ya jiko. Wakaingia, na chini ya kitanda wakavuta gunia la bangi. Manasseh mwenyewe, kitindamimba wake aliyekuwa akiendesha bodaboda, alikuwa ameshakamatwa sokoni Nyakoe. Walidai amemuuzia askari mmoja misokoto sita.

Kesi iliposikizwa, Manasseh hakuwa na wakili. Upande wa mashtaka ukamwita Bathsheba awe shahidi wao, naye akaenda, maana aliamini ukweli wa mama hauwezi kumdhuru mtoto. Alishika Biblia, akaulizwa ni nani hulala katika nyumba ile.

"Ni Manasseh," akajibu.

Hawakumwuliza zaidi. Hakimu akamgeukia mshtakiwa kujua kama ana swali kwa shahidi. Manasseh alimtazama mama yake.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Sina swali."

Akafungwa miaka kumi kwa kuuza na mitano kwa kupatikana na bangi, vifungo vyote viwili viende pamoja.

Kulikuwa na jambo ambalo Bathsheba hakulisema. Lewis, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye alimlea tangu akiwa na miaka minne, alikuwa akilala nyumba ile kwa wiki tatu kabla ya polisi kuja. Alikuwa na ufunguo wake. Gunia alilileta yeye, akasema ni mitumba. Kesho yake baada ya Manasseh kukamatwa, Lewis aliondoka, na watu wakasema ameonekana ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania. Simu yake haikupatikana tena. Bathsheba alijiambia kwamba kortini hakuulizwa habari za Lewis, na ambacho mtu hakuulizwa si uongo. Alijiambia hivyo mwaka mzima, kila Sabato akirudi kutoka kanisani, na kila mara imani yake katika maneno yale ilipungua.

Rufaa ilichukuliwa na Beverlyne Onyiego, wakili kijana aliyekuwa na ofisi Kisii mjini, ambaye mama yake alisali kanisa moja na Bathsheba. Wakili alisoma mwenendo wa kesi wote, kisha akamwita. Alimweleza kwamba shtaka la kuuza lilikuwa na udhaifu mkubwa. Misokoto sita ilichanganywa na bangi ya gunia kabla ya kupelekwa kwa mkemia wa serikali, kwa hivyo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni nini kilichouzwa, wala kama kuna kilichouzwa. Shtaka la gunia ndilo lililokuwa gumu.

"Mama, kuna mtu mwingine aliyekuwa na ufunguo wa nyumba hiyo?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Bathsheba alishika ukingo wa meza, akasimulia yote, jina la Lewis likitoka mwisho kabisa.

Wakili aliweka kalamu chini. Alimweleza taratibu kwamba jaji wa rufaa husoma yaliyokwisha kuandikwa, na ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra sana. La kwanza atakalotaka kujua ni mbona hakusema wakati ule.

"Nitamjibu," Bathsheba akasema.

"Utamjibu nini?"

Bathsheba alisisitiza tu aandikiwe hati ya kiapo, akaitia sahihi.

Alhamisi iliyofuata alikwenda gerezani kumwambia Manasseh. Kijana alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Alimsikiliza mama yake hadi mwisho bila kushtuka.

"Nilijua gunia ni la Lewis," akasema. "Nilimwambia aliondoe, akasema kesho. Kila siku ni kesho."

"Na mbona hukuniuliza pale kortini?"

"Ulikuwa umeshika Biblia, mama. Ningekuuliza, ungemtaja. Halafu usingelala tena maisha yako yote."

"Na sasa unadhani ninalala?"

Askari akasema muda umekwisha.

Hukumu ya rufaa ilisomwa asubuhi yenye mvua. Jaji alisoma kwa Kiingereza, karani akitafsiri kwa sauti ya chini. Kifungo cha kuuza kilifutwa. Kisha jaji akafika kwenye hati ya kiapo. Alisema mambo yaliyomo yalijulikana kwa shahidi tangu mwanzo, hakuyasema, na korti haiwezi kuyapokea sasa. Kuhusu gunia, alisema ushahidi ulikuwa wazi: shahidi wa tatu, mama wa mrufani, aliapa kwamba anayelala mle ni mwanawe, na mrufani hakumpinga.

Shahidi wa tatu. Ilimchukua Bathsheba muda kutambua kwamba ndiye yeye. Alisimama ili jaji amwone, apate kusema, lakini karani akamwashiria akae, na wakili akamvuta kwa upole akaketi. Miaka mitano ikabaki, ihesabiwe kuanzia siku ya kukamatwa. Huko nje kwenye baraza wakili alimwambia kwamba kwa tabia njema Manasseh atatoka baada ya miaka miwili na kidogo, na kwamba wengi wangeshukuru kwa hukumu kama ile. Bathsheba aliitikia kwa kichwa.

Wiki tano baadaye, akiwa shambani, simu iliita kwa namba ya Tanzania.

"Mama mdogo," sauti ya Lewis ikasema. "Manasseh ametoka?"

"Hajatoka. Uko wapi?"

Alisikia pikipiki zikipita upande ule, na mtu akimwita Lewis kwa jina lingine. Lewis akamwomba asimwambie mtu kwamba amepiga. Kisha akakata.

Bathsheba alisimama katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni. Alimkumbuka akiwa na miaka minne, siku ya mazishi ya dada yake, amelala mapajani pake na kiatu kimoja. Alilia. Halafu akampigia wakili, akamsomea ile namba, tarakimu moja baada ya nyingine.

"Mama, una hakika?" Beverlyne akauliza. "Nikiipeleka kwa polisi, haitarudi."

"Umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Nisomee, nisije nikawa nimekosea."

Wakili akamsomea. Ilikuwa sawasawa.