Wimbo wa Mwisho wa Upande wa Pili

Gaudens alipomsifu mwanamuziki kwa mara ya kwanza, mhariri wake, Augustino, alimwuliza kama amepima malaria. Swali halikuwa la dharau. Tangu serikali iruhusu magazeti ya watu binafsi, na Gaudens apewe safu ya muziki katika mojawapo, hakuna bendi, kwaya wala kikundi cha taarabu kilichopita mikononi mwake kikatoka na nguo zote. Alisoma sana na kucheka kidogo, na hata hicho kidogo hakuna mtu ofisini aliyewahi kukishuhudia.

Sasa alikuwa amejaza nusu ukurasa kumsifu kijana wa Magomeni aitwaye Pantaleo, mzaliwa wa Masasi, asiye na bendi wala mfadhili, aliyekuwa ametoa kanda mbili za muziki wa roki kwa nguvu zake mwenyewe. Ya kwanza iliitwa *Kitanda cha Mtu Mmoja*, ya pili *Nimebaki na Vyombo*. Zote zilihusu jambo moja: mwanamke aitwaye Hajira alikuwa amemwacha. Gitaa la umeme lilinguruma kama jenereta za Kariakoo siku ya mgawo wa umeme, ngoma zilisikika kana kwamba zimepigwa ndani ya kabati, na juu ya kelele hizo sauti ya kijana ilieleza, bila kumbembeleza msikilizaji, jinsi alivyorudi akakuta chumba kitupu, vyombo vimeoshwa na kupangwa, mwenyewe hayupo. Katika mji ambao mapenzi yaliimbwa kwa tarumbeta na sare za kumetameta, hapa palikuwa na mtu anayelia huku amekunja ngumi.

“Huyu hakutunga,” Gaudens aliandika. “Ametoa ushahidi.”

Kilichomshinda kabisa kilikuwa wimbo wa mwisho wa upande wa pili wa kanda ya pili. Gitaa lilikoma. Pakapita kimya, kisha ikaja sauti ya mwanamke, bila ala yoyote, na nyuma yake honi na makelele ya mtaani: *Mlango uliufunga wewe, mimi nilikuwa ndani.* Gaudens alikuwa anapiga pasi. Shati aliliunguza. Aliandika kwamba katika nchi ambayo kila aliyeachwa huimba peke yake, hatimaye amepatikana msanii mwenye ujasiri wa kumpa aliyemwacha neno la mwisho. Mlango ule aliufafanua kuwa ni moyo. Aliufafanua vizuri, kwa aya mbili.

Siku mbili baada ya gazeti kutoka, kijana mrefu mwenye macho mekundu aliingia ofisini kwao, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, gazeti likiwa limeviringwa mkononi kama rungu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Wewe ni Pantaleo. Kaa.”

“Sikai. Nimekuja kuuliza. Mwanamke gani?”

“Yule wa mwisho.”

“Mzee, kanda yangu haina mwanamke.”

Gaudens alimtazama kwa subira aliyoiwekea wasanii wasiozielewa kazi zao. Kisha akaivuta redio-kaseti iliyokuwa juu ya kabati, akaingiza kanda, akaipeleka mbele, akabonyeza. Gitaa likafa. Kimya. Honi. *Mlango uliufunga wewe.*

Pantaleo alikaa. Hakukaa kitini; alikaa juu ya rundo la magazeti ya zamani, na gazeti alilokuja nalo likamponyoka.

“Hajira,” alisema.

“Hajira yupi?”

“Wangapi wapo? Huyo huyo! Mzee, kanda hii umeinunua wapi?”

“Kwa Bhupendra, Kariakoo.”

“Mimi wala simjui huyo Bhupendra. Mimi nilipeleka kwa jamaa mmoja Msimbazi, basi.”

Hilo halikumshangaza Gaudens. Tangu biashara ifunguliwe, kanda iliyoingia duka moja asubuhi ilikuwa imezaliana maduka yote kabla ya adhuhuri, bila mwenye nayo kuulizwa. Kilichompiga kilikuwa kingine, na kilimpiga taratibu. Kanda tupu zilikuwa za dakika sitini. Albamu hazifiki huko. Kwa kuwa mteja wa Kariakoo hakubali kulipia ukimya, warekodi wa maduka yale walikuwa na desturi ya kuijazia nafasi inayobaki mwishoni kwa chochote kilicho karibu: kaswida, hotuba, mpira wa redioni, tangazo la khanga. Kila mtu mjini aliijua desturi hiyo. Gaudens mwenyewe aliwahi kuiandikia makala ya kejeli. Ila safari hii kijazio kilikuwa kimelingana na albamu kama kifuniko na chungu chake, naye akasahau anachokijua.

Sentensi bora kuliko zote alizowahi kuandika ilikuwa imesifu kijazio.

“Amenijibu,” Pantaleo alikuwa anasema, na sasa alikuwa amesimama, uso umebadilika. “Mzee, amenijibu! Mtu hajibu kama hataki kurudi. Twende.”

Walikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu. Kijana alitangulia, karibu akimbie. Gaudens alifuata, akiwaza jinsi ya kuandika sahihisho bila kutumia neno hilo. Hadi hapo alidhani jina lake ndilo lililo hatarini.

Duka la Bhupendra lilikuwa upana wa mlango na nusu, limejaa kanda hadi darini. Mwenyewe aliinuka kwa furaha.

“Mwandishi! Karibu, karibu sana. Makala yako hiyo hapo ukutani. Tangu juzi watu wanasema, nipe ile yenye mwanamke.”

“Bwana Bhupendra, huo wimbo wa mwisho aliujazia nani?”

“Sasa kujazia si kazi ya fundi wangu? Alikuwa anaweka matangazo, wateja wananuna, nikamwambia binti, weka unachotaka, mradi isiwe kelele. Hajira! Una wageni.”

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya mashine alivua vipokea sauti. Hakuinuka. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, amejifunga khanga kiunoni juu ya gauni la kazi.

“Haji,” Pantaleo alisema.

“Usiniite hivyo. Hivyo umeniita kwenye kanda.”

“Nimesikia ulichoimba. Nimekuja tuyamalize.”

“Ulisikia, au ulisomewa gazetini?” Alimgeukia Gaudens. “Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

“Wewe ndiye uliyeandika kwamba huyu ametoa ushahidi?”

“Ndiye.”

“Mimi uliniuliza?”



“Magomeni naitwa Mama Vyombo,” Hajira aliendelea, bila kupaza sauti. “Nikienda bombani wanagonga sufuria. Shangazi yangu ametoka Lindi kwa basi kuja kuniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu. Hayo yalikuwa ya kanda. Nikasema, watachoka. Sasa wewe umeyaweka gazetini, na gazeti watu wanaliamini.”

Mama mmoja aliyekuja kurekodiwa kanda ya taarabu aliweka mkoba wake chini. “Kumbe Mama Vyombo ndiye wewe? Mwanangu, mbona ulimkimbia kijana wa watu?”

“Muulize alikwenda wapi.”

Macho yote yakamhamia Pantaleo.

“Nilikwenda Kigamboni kumpigia mtu gitaa kwenye kanda yake,” alisema.

“Alivuka kwa pantoni ya Magogoni siku ya Ijumaa, akasema Jumapili yuko nyumbani. Mlango akaufunga kwa nje, na ufunguo akaondoka nao. Nilitolewa na jirani, kwa msumeno. Vuli ikaja, ikaisha, yeye hajarudi. Mwenye nyumba alikuwa anamjua yeye, mimi hakunijua. Akanitoa.”

Gaudens alizikumbuka aya zake mbili kuhusu moyo. Mlango ulikuwa mlango. Ulikuwa na kitasa.

“Nilijisahau na funguo,” Pantaleo alisema kwa sauti ndogo. “Halafu kazi ikanoga. Kila siku nikasema kesho.”

“Haya!” mama wa taarabu alisema. “Kumbe mwenye kuacha ndiye mwenye kulia!”

“Lakini niliporudi hukuwepo!” Pantaleo alimgeukia Hajira, na sasa ilikuwa ile sauti ya kwenye kanda, ile ile. “Niliumia. Sikusingizia maumivu. Umeondoka, umeniachia vyombo vimeoshwa, vimepangwa, kama vya maiti. Ulikuwa unanidharau. Nimekuimbia nyimbo tatu kwa ajili ya vile vyombo!”

“Vilikuwa vya mama yako, Pantaleo. Ningeviacha vichafu?”

Mashine ziliendelea kuzungusha kanda za watu wengine.

Hapo ndipo Gaudens alipotishika hasa. Kama kijana angekuwa mwongo, jambo lingekuwa jepesi. Waongo aliwazoea, alikuwa na msamiati wao. Huyu hakuwa mwongo. Uchungu ule ulikuwa wa kweli, na sikio la Gaudens halikukosea kuusikia. Aliumia kweli kwa kuachwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfungia ndani. Na yeye, msomi, aliusikia uchungu akadhani amesikia habari yote, akaupiga mhuri, akaupeleka mtaani kumgongea huyu mwanamke sufuria.

“Mzee,” Pantaleo alimwambia pembeni, “usiyaandike haya. Nani atanunua nyimbo za aliyeondoka?”

“Bwana mwandishi, hata mimi nasema yaishe hapa hapa,” Bhupendra aliongeza. “Biashara inakwenda vizuri.”

Gaudens aliwapa mgongo. Alimwendea Hajira kaunta.

“Unataka niandike nini?”

Alidhani atasema *nisafishe*, au *mkanye huyu*. Hajira alifikiri kidogo.

“Kwamba ule wimbo ni wangu. Nimeutunga mimi, nimeuimba mimi, hapa dukani, saa ya chakula. Umeusifu kuliko zake zote, halafu ukampa yeye. Andika jina langu. Hajira binti Bakili.”

Gaudens alitoa kalamu. Aliandika palepale, juu ya kaunta, kisha akasoma kwa sauti ili duka zima lisikie: kwamba wimbo wa mwisho si wa Pantaleo, kwamba mwandishi wa safu hii aliusifu bila kuuliza ni wa nani, na aliita ushahidi maneno ya upande mmoja, kwamba binti huyu maskini hakuondoka, bali—

“Toa maskini,” Hajira alisema.

Akaitoa.

“Bali aliachwa ndani ya nyumba iliyofungwa, na akaimba hivyo kwa maneno yasiyohitaji kufafanuliwa na mtu yeyote.”

“Hapo sawa,” alisema mama wa taarabu, ambaye hakuulizwa.

Pantaleo alikuwa ameegemea mlango. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia wimbo wake ukipigwa kinyumenyume akautambua.

“Na mimi, mzee? Mimi utaniandika nini?”

“Kwamba unaimba vizuri,” Gaudens alisema, akifunga kalamu. “Hilo sikukosea.”

Kijana alisubiri maneno mengine. Alipoona hayaji, alimtazama Hajira, lakini Hajira alikuwa amekwisha kurudisha vipokea sauti masikioni, na mama wa taarabu alikuwa anamweleza kwa ishara za mikono nyimbo anazozitaka.